Gugu-Maji: Ua Lililofunga Mialo ya Mwanza

Wanachama wenye jamaa zao Mwanza wametuuliza mara kadhaa habari za lile jani la ziwani liitwalo gugu-maji. Wengine, baada ya kuliona limechanua, wametaka kujua kama laweza kuletwa huku visiwani likapandwa katika birika la bustani. Swali hili la pili jibu lake ni fupi: haliletwi. Lakini jibu lisilo na sababu halimtoshi mkulima, basi tumeona yafaa tulieleze jambo lenyewe kwa kirefu. Habari ya gugu-maji ni habari ya ua la bustani ambalo hapana aliyelipanda kwa nia mbaya, na ambalo limewapa wenzetu wa Ziwa Victoria taabu ya miaka zaidi ya thelathini.

Asili ya gugu hili ni bonde la mto Amazon, huko Amerika ya Kusini. Kwa kawaida halishiki ardhi, huelea. Majani yake ni ya mviringo, ya kijani kilichokolea, nayo yang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Kila jani limesimama juu ya kikonyo kilichofura mfano wa kibofu, na ukikivunja kikonyo hicho utaona ndani yake kama sifongo, yaani vijumba vidogo vidogo vilivyojaa hewa. Hivyo ndivyo vinavyolichukua gugu lisizame. Chini yake huning'inia mizizi mingi iliyo kama manyoya ya ndege, mara nyingi ina weusi. Ua lake ni la rangi ya zambarau hafifu, na jani moja la ua, lile la juu, lina doa la manjano kama jicho katika unyoya wa tausi. Ua ni zuri, hilo halina ubishi, na uzuri huo ndio uliolisafirisha. Tangu karne ya 19 watu wa bustani walilichukua kutoka kwao wakalitia katika mabirika na mabwawa yao, Marekani, Misri, Bara Hindi na kwingineko, na kila palipokuwa na joto na maji yaliyotulia lilitoka bustanini likaingia mtoni.

Wala tusidhani kuwa jambo hili lilikuwa mbali nasi. Katika miaka ya 1950 lilikuwa limekwisha enea katika mto Kongo, na mwaka 1958 likaonekana katika Nile Nyeupe huko Sudan. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 lilionekana pia katika mto Sigi na mto Pangani, mito ya upande wa Tanga inayomwaga maji yake katika bahari hii hii inayoizunguka Pemba. Yaani lilipofika Ziwa Victoria halikuwa mgeni Afrika ya Mashariki.

Kwao Amazon gugu hili haliogopwi sana. Lipo, huchanua, hupanda na kushuka pamoja na maji ya mto, na linao maadui wa kuzaliwa nao: wadudu wanaolila majani, wengine wanaotoboa vikonyo, na magonjwa ya ukungu. Mtu alipolitia katika ndoo akavuka nalo bahari, alichukua mmea akawaacha maadui. Hapa ndipo ilipo siri ya mambo haya yote. Mmea hauwi mbaya kwa tabia yake peke yake. Huwa mbaya unapofika mahali penye chakula tele na pasipo na wa kuupunguza. Sisi watu wa Unguja tunao mfano wetu wenye mabawa. Kunguru wale wenye shingo ya kijivu waliletwa kisiwani katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, na kila mwenye vifaranga anajua yaliyofuata.

Sasa tutazame jinsi linavyozaa, kwani asiyeijua hesabu hii hataamini habari zitakazofuata. Gugu-maji lina njia mbili za kuongezeka. Kwanza hutoa mbegu, nazo huzama katika tope na zaweza kukaa humo hai miaka 15 hata 20 zikingojea mwanga na maji machache. Pili, na hii ndiyo ya haraka zaidi, hutoa kamba pembeni kama zitoavyo viazi vitamu, na kwenye ncha ya kila kamba hutokea mtoto aliye kamili, ambaye baada ya siku chache naye hutoa kamba zake. Katika maji yenye joto na mbolea gugu laweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa siku 6 hadi 15. Tuchukue wiki mbili, tusije tukaambiwa tumetia chumvi. Shina moja baada ya wiki mbili ni mawili, baada ya mwezi ni manne, baada ya miezi sita ni 8,192. Likiendelea vivyo hivyo mpaka mwaka utimie, na mahali pasipungue, yatakuwa zaidi ya mashina milioni 67. Mahali hupungua, bila shaka, lakini ziwa ni kubwa.

Hesabu hii ina upande wa pili ambao wengi huusahau. Tuseme watu wa kijiji wametoka na mitumbwi na mapanga, wakafanya kazi kwa bidii hata wakatoa mashina 99 katika kila 100. Huo ni usafi mkubwa. Lakini lile moja lililobaki lahitaji kuongezeka mara mbili kwa zamu saba tu kuwapita wote waliotolewa, na zamu saba za wiki mbili mbili ni miezi mitatu na siku chache. Mkulima aliyekwisha pambana na ndago katika bustani yake ya mboga anaelewa jambo hili bila kalamu.

Njia iliyolifikisha ziwani ni mto Kagera. Yasemwa kuwa wakati wa utawala wa Wabelgiji lilipandwa Rwanda kwa ajili ya pambo, na kutoka katika mabwawa likaingia mito ya huko ambayo maji yake huukusanya mto Kagera, nao huingia ziwani kaskazini ya Bukoba. Mwaka 1988 lilionekana katika Ziwa Kyoga huko Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa limekwisha julikana katika nchi zote tatu zinazolizunguka Ziwa Victoria. Mwaka 1998, lilipofika kilele chake, ilikadiriwa kuwa limefunika hekta 20,000 hivi. Ili mwanachama apate picha yake, hiyo ni karibu sehemu moja katika tano ya kisiwa chote cha Pemba.

Hapo mtu aweza kusema: Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800; hekta 20,000 ni kama sehemu tatu tu katika elfu moja; je, kelele zote ni za nini? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba gugu halikai katikati ya ziwa, ambako mawimbi hulivunja. Hukaa pale pale wanapokaa watu. Hupenda ghuba zilizotulia, midomo ya mito na mialo ambamo wavuvi huegesha mitumbwi, na pwani ya Mwanza yote ni ghuba na vidole vya maji vilivyoingia nchi kavu. Tena halitulii. Upepo ukigeuka, kisiwa kizima cha majani huondoka upande mmoja na kuhamia upande wa pili. Mvuvi hulala ameona maji meupe mbele ya mwalo wake, akaamka asubuhi akaona kama shamba la kabichi. Mtumbwi hautoki, na ulio nje hauwezi kuingia. Nyavu zilizotegwa usiku huchukuliwa na majani yanayotembea, zikakatika au zikapotea kabisa. Dagaa na sangara walio ndani ya mtumbwi uliozuiliwa nje ya mwalo hawasubiri. Jua la saa tano linapowapiga, bei yao imekwisha anguka. Mchuma karafuu aliyekamatwa na mvua ya siku tatu, karafuu zake zingali mbichi juu ya jamvi, anaijua hasara ya namna hiyo.

Mambo hayakuishia kwa wavuvi. Bandari ya Kisumu huko Kenya ilipata taabu kubwa ya kuingiza na kutoa meli. Jinja, palipo na bwawa la Owen Falls, majani yaliyokuwa yakisukumwa na maji yalisumbua mitambo ya umeme. Miji inayovuta maji ya kunywa ziwani ilibidi kusafisha mara kwa mara midomo ya mabomba yake. Nao wanawake wa vijijini, ambao hawana bomba, walilazimika kupenya katikati ya majani na ndoo zao ili wapate maji yenye rangi na harufu.

Kisha yako maradhi. Katikati ya mizizi ile kuna kivuli na chakula, na konokono wanaobeba kichocho hupenda kukaa humo. Hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wetu wa Pemba kichocho ni nini. Tuseme tu kuwa cha ziwani huko, kwa kawaida, ni kile cha tumbo, wala si kile cha mkojo tukijuacho huku. Mbu nao hupata mahali pa kutagia, na nyoka hujificha. Kwa haki tuongeze kwamba si kila kiumbe kilichoumia. Kamongo na kambare, samaki wanaovumilia maji yenye hewa kidogo, walistawi chini ya majani, na samaki wengine wadogo walipata maficho ambamo sangara hakuweza kuwafuata vizuri. Wavuvi waliokuwa wakitega ndoana walisema hivyo, na wataalamu waliona hivyo. Lakini chini ya utando mnene maji hukosa hewa, na majani yanayooza huzidi kuyaharibu.

Mwenye shamba atauliza: mmea uote kwa kasi namna hii, mbolea yake yatoka wapi? Yatoka kwetu wanadamu. Mto Mirongo unaopita katikati ya mji wa Mwanza na kuingia ziwani hauchukui maji matupu; huchukua maji machafu ya nyumba, takataka za masoko na kila kilichosombwa na mvua kutoka vilimani. Mito mingine huleta udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni, pamoja na samadi na mbolea za dukani. Miji yote ya pwani, katika nchi zote tatu, imeongezeka watu mara nyingi kuliko uwezo wa mifereji yake. Kwa hiyo ziwa limekuwa kama kitalu kilichotiwa samadi kwa miaka mingi, na gugu-maji ni mche uliotupwa katika kitalu hicho.

Basi watu walipigana nalo kwa njia gani? Kwa mikono kwanza, na kazi hiyo bado yafanyika, wala haidharauliki. Penye mwalo mdogo, kisima cha kunywa au gati, mikono ndiyo njia ya haraka. Lakini utando ulioshikana wa hekta moja waweza kuwa na uzito wa tani 200 na zaidi. Kwa lori la tani 10 hizo ni safari 20 kwa hekta moja tu, na hekta zilikuwa 20,000. Kenya na Uganda zilileta mashine za kukata na kuzoa majani. Ziliweza kufungua njia za meli, ila ghuba nzima zisingeweza kuimaliza. Dawa za kuua majani zilitumika Sudan na Kongo tangu miaka ya 1950, na majani yalikufa kweli, kisha yakarudi. Kwa Ziwa Victoria jambo la dawa liliwatia watu hofu, kwa kuwa maji ni ya kunywa na samaki wauzwa ng'ambo, na mnunuzi akisikia neno sumu hatasubiri maelezo.

Njia iliyobaki ilikuwa kumfuata adui aliyeachwa Amerika. Naye ni mdudu mdogo wa jamaa ya fukusi, ana urefu wa milimita tano hivi, rangi ya kahawia, na pua ndefu iliyopinda. Wako wa aina mbili, wote wakiitwa Neochetina na wataalamu. Fukusi mkubwa hukwangua ngozi ya jani akaacha alama nyingi ndogo za mraba. Dhara kubwa zaidi ni la watoto wake. Jike hutaga ndani ya kikonyo, funza huanguliwa akatoboa kuelekea chini mpaka kwenye moyo wa mmea, na katika matundu hayo maji na uozo huingia. Mmea uliotobolewa hivyo hutoa kamba chache, maua machache, majani yake hudumaa, na mwishowe hujaa maji ukazama. Fukusi hawauui kwa siku moja. Wanaudhoofisha hata ushindwe na mawimbi.

Tulipoyataja haya katika mazungumzo na baadhi ya wanachama, swali lilikuwa moja: wadudu hao wakilimaliza gugu, hawatahamia migomba, mpunga, au Mungu apishe mbali, mikarafuu? Swali hili lilikwisha ulizwa kabla yetu, na ndiyo maana fukusi hawakuachiwa ovyo. Marekani waliwajaribu katika vyumba vilivyofungwa juu ya mimea ya namna nyingi kabla ya kuwaachia Florida mwaka 1972, Sudan wakawaachia mwaka 1978, na nchi nyingine nyingi zikafuata. Kinga iko katika maisha yao wenyewe. Funza akikua hushuka kwenye mizizi inayoning'inia majini, akasuka nywele za mizizi hiyo kifuko cha kulala mpaka awe fukusi kamili. Bila mizizi ile ile ndani ya maji hawezi kumaliza umbo lake. Ukimweka juu ya mkarafuu hana pa kulala.

Tena si jambo geni kwetu kumtumia mdudu. Wachumaji wote wanawajua maji-moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba na kuwauma watu juu ya mikarafuu hata mtu akatamani kushuka bila ngazi. Chungu hao hao hulinda minazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, alichunguza Zanzibar kwa nini nazi changa huanguka kabla ya wakati, akaona kuwa kuna kunguni wa minazi anayezifyonza, na kwamba mnazi uliokaliwa na maji-moto husalimika. Kunguni huyo wataalamu walimpa jina la Way mwenyewe. Tofauti ni kwamba maji-moto walikuwapo, nao fukusi ilibidi waletwe.

Uganda na Tanzania zilianza kuwaachia fukusi katikati ya miaka ya 1990, na Kenya mwaka 1997. Nchi hizo tatu zilikuwa na mradi wa pamoja wa kuhifadhi mazingira ya Ziwa Victoria, uliotiwa saini mwaka 1994. Kazi ya kuwakuza wadudu haikuachiwa wataalamu peke yao. Katika vijiji vya pwani yaliwekwa mabeseni na matangi yenye gugu-maji, fukusi wakafugwa humo, na wavuvi wenyewe wakawachukua kwenda kuwaweka katika utando. Kwa muda mrefu hapakuonekana kitu, na wengi wakasema kazi ni bure, kwa maana kizazi kimoja cha fukusi huchukua kama miezi mitatu, na gugu huongezeka kwa wiki. Subira yao ililipwa. Baada ya mwaka 1998 utando ulianza kuwa wa kahawia, ukavunjika, ukazama. Ghuba ya Winam huko Kenya, iliyokuwa na zaidi ya hekta 17,000 mwaka 1998, miaka miwili baadaye ilikuwa karibu nyeupe, na upande wa Mwanza nako gugu lilipungua sana. Wataalamu wenyewe wanabishana ni kiasi gani ilikuwa kazi ya fukusi, na ni kiasi gani ilikuwa ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilizopandisha maji na kuleta dhoruba. Sisi twaona hapana ugomvi mkubwa hapo: mawimbi yalikuwapo kabla ya fukusi, na mmea mzima ulikuwa ukiyastahimili.

Gugu halikuisha. Mwaka 2006 na 2007 lilirudi kwa nguvu katika Ghuba ya Winam, na tangu hapo limekuwa likipanda na kushuka. Mbegu zimo topeni, Kagera huleta mashina mapya, na mbolea ya miji haikupungua. Fukusi nao wana udhaifu wao: utando ukizama wote, wao huzama nao, na gugu jipya linapochipua kutoka katika mbegu huwatangulia. Vilevile penye mashine au dawa fukusi hupotea pamoja na majani yaliyotolewa. Ndiyo sababu njia hizi haziwezi kuchanganywa bila mpango; lazima sehemu fulani za utando ziachwe makusudi ziwe zizi la wadudu, jambo ambalo ni gumu kumweleza mvuvi aliyefungiwa mwalo.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 likaja jingine. Kati ya Kigongo na Busisi, penye kivuko cha Ghuba ya Mwanza, maji yalitandwa na gugu la namna nyingine, dogo, la jamaa ya salvinia, hata vivuko vikapata shida kupita. Daraja lililofunguliwa hapo mwezi wa Juni mwaka huo limewapa wasafiri njia ya juu, bali mvuvi bado njia yake ni maji. Salvinia si ndugu wa gugu-maji. Ni jamaa ya madole, halina ua wala mbegu, nalo huenea kwa kukatika vipande. Kila kipande ni mmea. Asili yake ni Brazil, na lilisafiri kwa ajili ya mabirika na vioo vya samaki wa pambo. Fukusi wa gugu-maji hawaligusi kabisa. Ile ile kinga inayotulindia mikarafuu yetu ndiyo inayowafanya wasifae hapa.

Gugu hili lina historia inayofaa kusimuliwa. Ziwa Kariba lilipojazwa, salvinia ililivamia, na kufika mwaka 1962 ilikuwa imefunika kilomita za mraba zipatazo 1,000. Wataalamu walileta wadudu kutoka Amerika, nao hawakufaa sana. Kumbe jina la mmea lilikuwa limekosewa. Ulidhaniwa kuwa aina nyingine inayofanana nao, na wadudu walitafutwa kwa mmea usio wenyewe. Mwaka 1972 D. S. Mitchell aliutenga na kuupa jina lake la sasa, mwaka 1978 kwao hasa kukapatikana, kusini-mashariki ya Brazil, na huko akapatikana fukusi wake. Aliachiwa katika Ziwa Moondarra, Australia, mwaka 1980, na kwa muda wa kama mwaka mmoja na ushei akalisafisha. Wale wanaodhani kazi ya kutaja majina ya majani ni mchezo wa wasomi wasikilize habari hiyo.

Tutaje pia habari ya kulitumia gugu. Huko ziwani watu husuka vikapu na viti kwa vikonyo vilivyokaushwa, hutengeneza mboji, na wengine hupata gesi ya kupikia. Kazi hizo ni njema na tunaziunga mkono kwa watu ambao tayari wanalo. Ila zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mmea ni maji, na tani 200 zilizozolewa kwa jasho hazitoi hata tani 20 kavu. Hapana kiwanda cha vikapu kitakachokula kwa kasi ya mmea unaozidi mara mbili kwa wiki mbili. Na mtu asiyekuwa nalo asilitafute kwa ajili ya vikapu. Ukindu na minyaa vipo.

Sasa kwa upande wetu. Visiwa vyetu havina ziwa, lakini vina mabonde ya mpunga, vijito, mabwawa ya kunyweshea ng'ombe na mifereji ya umwagiliaji, na maji hayo ni machache, kwa hiyo yangefungika upesi zaidi. Kinachotulinda ni bahari ya chumvi, kwani gugu-maji haliishi katika maji ya bahari. Haliwezi kuvuka lenyewe. Likivuka litakuwa limebebwa: katika mfuko wa plastiki ndani ya mzigo wa abiria, katika ndoo ya samaki wa pambo, au katika mche mwingine wa maji ulionunuliwa barabarani. Mwenye kusafiri na mche wa aina yoyote, hata wa zawadi, auonyeshe kwa wakaguzi wa mimea bandarini, na aliye na birika la samaki asimwage maji yake wala majani yake katika mfereji.

Mwanachama atakayeona mmea wa kuelea asioujua katika bonde au bwawa la karibu yake, mwenye vikonyo vilivyofura kama tulivyoeleza, au mwenye majani madogo yenye manyoya yaliyolala juu ya maji kama zulia, asiukate kwa panga wala asiuburute. Amwite Bwana Shamba au Bibi Shamba wa sheha yake siku hiyo hiyo. Wakikubaliana kuutoa, utolewe mzima mzima kwa mkono kabla haujachanua, pamoja na kila kipande kilichokatika, uwekwe katika gunia lisilopitisha, uchukuliwe mbali na maji, ukaushwe juani juu ya ardhi kavu mpaka ukatike kwa kidole, kisha uchomwe. Usiachwe ukingoni, kwani mvua ya kwanza itaurudisha. Mahali hapo patazamwe tena kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mzima. Na kama palikuwa na maua, mwenye bonde awaambie na wanawe wapajue, kwa sababu mbegu zilizoanguka hapo zaweza kumngoja mtoto mchanga wa leo hata awe mtu mzima.